Mtoto Asiyechaguliwa: Historia ya Maneno Machache ya Shule za Bweni

Shule za bweni za Afrika Mashariki zina historia iliyoandikwa vizuri, lakini imeandikwa na wale waliopokewa. Msomaji akitaka kujua jinsi mwanafunzi alivyoishi katika Alliance High School, pale Kikuyu, tangu 1955 hata 1958, Ngũgĩ wa Thiong'o amemwandikia kitabu kizima. Akitaka habari za Tabora, hakuna aliyesimulia maisha ya Julius Nyerere akaacha kutaja ya kwamba aliingia shule hiyo mwaka 1937. Lakini wale walioketi katika chumba kile kile cha mtihani, na ambao majina yao hayakusomwa, hawakuandika wala hawakuandikiwa. Nao ndio waliokuwa wengi. Mwanahistoria akipekua makaratasi ya shule ataona orodha za walioingia, ripoti za walimu, hesabu za vitanda na mablanketi. Orodha ya walioachwa haikuwekwa, kwa kuwa hapakuwa na ofisi iliyohitaji kuiweka.

Makusudi ya makala hii ni kuwatafuta watu hao mahali pamoja ambapo wameacha alama, yaani katika lugha. Mtoto aliyekosa kuchaguliwa aliambiwa habari yake kwa sentensi fulani. Wazazi wake waliwaambia majirani kwa sentensi nyingine. Na serikali ilikuwa na sentensi zake. Sentensi hizo zimedumu vinywani, na kila moja yaonyesha jambo ambalo makaratasi hayaonyeshi: nani alihesabiwa kuwa mwenye kosa. Nadai ya kwamba sehemu ya kutazamwa zaidi ni kiima. Sentensi ikianza na mtoto, deni ni la mtoto. Ikianza na nafasi, au riziki, au serikali, deni limehamia kwingine.

Yafaa kwanza kukumbuka ya kwamba aibu hii si ya kale. Shule ya serikali ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa watoto wa machifu na watemi, ili wapatikane watawala wenye elimu chini ya utaratibu wa Waingereza wa kutawala kwa mikono ya wenyeji. Kijana wa mkulima wa Unyamwezi ambaye hakupelekwa Tabora mwaka ule hakuwa na la kueleza. Hakuitwa, kama vile asivyoitwa kukaa kitini pa mtemi. Kutochaguliwa kwake kulikuwa habari ya nasaba, na nasaba haimwaibishi mtu mmoja mmoja. Huenda alisikitika, huenda alikasirika. Lakini hapana aliyemwambia ya kuwa ameshindwa, maana hakushindana.

Aibu ilikuja pamoja na haki, na jambo hili ni la kufikiriwa sana. Milango ya Tabora ilipofunguliwa kwa wana wa watu wengine, na mtihani ukachukua mahali pa ukoo, lilikuwa badiliko jema lisilo na shaka. Hata hivyo, kuanzia hapo aliyeachwa aliachwa kwa ajili ya jambo lililokuwa lake mwenyewe: akili yake, bidii yake, mwandiko wake. Huko Kenya, Alliance ilifunguliwa mwaka 1926 kwa umoja wa misheni za Kiprotestanti, nayo kwa miaka mingi ikawa mlango mwembamba kuliko yote. Wasichana walingoja mpaka 1948 ndipo nao wakapata shule yao ya sekondari pale Kikuyu. Kabla ya kufika mlangoni, mtoto wa Kenya alipita mtihani wa darasa la nne, kisha ule wa darasa la nane. Mwenzake wa Tanganyika naye alikuwa na vizuizi vyake katika madarasa yayo hayo. Kila kizuizi kilikuwa na watu wake waliobaki nyuma, na kila kizuizi kilihitaji neno.

Neno la upande wa kupita lilikuwapo tayari, nalo lilitoka baharini. Mabaharia hulitumia neno *kufaulu* kwa chombo kinachoipita rasi au mahali pa hatari, na hapo ndipo tunapouona uzuri wa maana yake. Chombo kisichofaulu rasi si lazima kiwe kimevunjika. Chaweza kuwa kimerudi nyuma kikatia nanga, kikingoja upepo ugeuke. Na nahodha wake halaumiwi, kwa sababu kila mtu ajua ya kwamba upepo si wake. Kama shule zingalichukua neno hilo pamoja na kinyume chake cha baharini, mtoto asiyepita angaliitwa mwenye kungoja upepo. Shule hazikufanya hivyo. Zilichukua nusu ya kwanza ya picha, zikaacha ya pili.

Kwa upande wa kutopita yalishika maneno matatu, na hakuna hata moja lililo la upole. La kwanza ni *kushindwa*. Hili ni la kutendwa, na mtenda wake ni mtihani wenyewe: mtihani umemshinda mtoto, kama mtu amshindavyo mwenzake katika mieleka. La pili ni *kufeli*, lililotwaliwa kutoka Kiingereza pamoja na madawati na kengele. Nashuku ya kwamba kukaribiana kwake kwa sauti na *faulu* kulisaidia kulizoeza upesi. Maneno mawili yaanzayo kwa sauti moja hukaa vizuri pamoja kama pacha, faulu huku, feli kule, na sikio halihisi ugeni. Wasemaji wengi wa Kenya huongeza *kuanguka*: ameanguka mtihani. Katika kuanguka hapana hata mshindani. Mtoto ameanguka mwenyewe.

La tatu, *kukosa*, ndilo lenye madhara ya siri kuliko yote, kwa kuwa lina sura ya upole. Mzazi hasemi mtoto amefeli. Asema amekosa nafasi. Yaonekana kana kwamba sentensi imemponya, maana kukosa nafasi ni kama kukosa basi au kukosa maji. Lakini Kiswahili kimeweka chini ya kitenzi hicho hicho kutopata na kutenda vibaya. Mtu akisema tu *amekosa*, bila kuongeza neno, sote twasikia hatia. Hivyo mtoto aliyekosa nafasi hatembei mbali na mtoto aliyekosa. Sisemi ya kwamba kila mzazi alikusudia hayo. Wasemaji hawakusudii historia ya vitenzi vyao. Nasema tu ya kwamba lugha iliwapa faraja yenye mwiba ndani yake.

Palikuwapo na njia nyingine ya kusema, nayo haikutoka shuleni. Pwani, na sehemu nyingi za bara ambako Kiswahili kimefika pamoja na Uislamu au bila huo, mama humwambia mtoto: haikuwa riziki yako. Watu wa elimu mpya waliidharau sentensi hii, wakaiona ni uvivu wa kuamini majaliwa. Mimi naiona kuwa ni sentensi yenye busara ya sarufi. Kiima chake si mtoto. Kitenzi chake hakisemi habari ya akili wala bidii. Hata neno *mtihani* lenyewe, katika vinywa vya wazee hao, lina maana pana kuliko karatasi ya hesabu: ugonjwa ni mtihani, msiba ni mtihani, na apitaye katika mtihani wa namna hiyo hapewi maksi, huambiwa avumilie. Katika nyumba za namna hiyo mtoto aliweza kulia siku mbili, kisha akaenda kuchunga au kufundishwa kazi, pasipo kuitwa kwa jina la kushindwa kwake. Pamoja na hayo sentensi hii ina upungufu wake mkubwa. Ikimwondolea mtoto deni, haimpi mtu mwingine deni hilo. Riziki haijibu barua, wala haiwezi kuulizwa kwa nini haikujenga madarasa.

Kwa upande wa Tanzania, mtu aliyeliona jambo la lugha mapema kuliko wataalamu wa lugha alikuwa mwanasiasa. Mwezi Machi 1967 Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi hulikumbuka kwa ajili ya mashamba ya shule na majembe. Lakini ndani yake imo hesabu na maneno machache yahusuyo habari yetu hasa. Katika kila wanafunzi mia waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio walioendelea na sekondari. Wale 87 walitoka na hisia ya kuwa wameshindwa, wamenyimwa jambo walilokuwa na haki ya kulitamani. Naye akaonyesha ya kwamba sisi sote ndio tunaowatia hisia hiyo, kwa kuwaita watu walioshindwa kuingia sekondari, badala ya kuwaita watu waliomaliza elimu ya msingi. Vilevile aliona madhara ya upande wa pili: wale 13 walijiona kuwa wamestahili tuzo, na tuzo waliyoingoja, wao na wazazi wao, ilikuwa mshahara mnono na kazi ya mjini.

Hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa mwalimu, na aliyekuwa yeye mwenyewe mtoto wa chifu na mwanafunzi wa Tabora. Dawa aliyoitaka kwa upande wa lugha ilikuwa kubadili kitenzi: kutoka *kushindwa* hadi *kumaliza*. Katika ofisi badiliko lilifuatwa. Shule ya msingi ikafundishwa kuwa elimu iliyokamilika yenyewe, wala si ngazi ya kuendea mahali pengine, na hotuba za kufunga shule zikajaa habari za kuhitimu.

Kwa bahati mbaya, wakati sentensi zilipokuwa zikilainishwa, hesabu ilizidi kuwa ngumu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia 1977. Jambo hilo lilikuwa kubwa na la heshima, na kizazi changu ni matunda yake. Lakini nafasi za sekondari hazikuongezwa kwa kadiri iyo hiyo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya wanafunzi mia waliomaliza darasa la saba Tanzania Bara, walioingia sekondari za serikali hawakufika hata kumi. Wale 87 wa mwaka 1967 wangeweza kuwaonea huruma wadogo zao. Na neno lililokusudiwa kuwaponya halikukaa na usafi wake muda mrefu. *Kumaliza darasa la saba* likafupishwa. Mtu akawa *darasa la saba*, kisha *la saba* tu. Mpaka leo neno hilo hutupwa katika mabishano ya siasa kumnyamazisha mtu: huyu la saba tu, atajua nini? Twaona ya kwamba neno jipya lililopewa watu wale wale katika hali ile ile hunywa uchungu wa neno la zamani.

Wataalamu wa lugha hawashangazwi na hayo, na mfano mmoja wa mbali utasaidia. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilikutana na wazee walioweza kunieleza siku, saa na hali ya hewa ya asubuhi walipoandika mtihani wa umri wa miaka kumi na mmoja. Sheria ya Elimu ya 1944 ya nchi hiyo iliwaweka watoto katika shule za namna mbalimbali, na wakubwa wa elimu walisisitiza ya kwamba hapana kushinda wala kushindwa. Kila mtoto apangiwa shule imfaayo. Mitaani hapana aliyesema hivyo. Watu walisema amepita au amefeli, na mzee wa miaka sabini huweza bado kujitaja kuwa ni aliyefeli. Kule pia ofisi ilikuwa na kitenzi chake na nyumba ilikuwa na kitenzi chake, na cha nyumbani kilishinda, kwa sababu cha nyumbani kilihesabu vitanda na cha ofisini hakikuhesabu.

Turudi kwetu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ilianza kugawa nafasi kwa mikoa na wilaya. Makusudi yalikuwa ya haki. Bila mgao huo, Kilimanjaro na Bukoba, zilizotangulia kupata misheni na kahawa, zingaliendelea kujaza mabweni ya nchi nzima, na watoto wa Rukwa au Lindi wangalibaki kuwa watazamaji. Lakini mgao ulizaa jambo jipya katika lugha. Mtoto wa Moshi alipata alama ambazo wilaya nyingine zingalimpatia kitanda, naye hakupata. Kusema ameshindwa kulikuwa uongo ulio wazi. Ndipo ikatokea sentensi ambayo naihesabu kuwa ya maana kuliko zote katika historia hii: *amefaulu lakini hakuchaguliwa*.

Tuitazame vizuri. Kwa muda wa miaka hamsini *kufaulu* na *kuchaguliwa* yalikuwa jambo moja. Aliyeipita rasi alifika bandarini. Sasa vitenzi viwili vikaachana. *Kufaulu* ni tendo la mtoto. *Kuchaguliwa* ni tendo la mwingine, na huyo mwingine hakutajwa, lakini umbo la kutendwa lamdai awepo. Mtu akichaguliwa, yupo aliyechagua. Asipochaguliwa, yupo aliyemwacha. Kwa mara ya kwanza lugha ya kawaida ilitenga uwezo wa mtoto na uchache wa madawati, ikaacha mahali patupu pa kuuliza: nani? Baadaye viongozi wenyewe waliichukua sentensi hii, wakatangaza idadi ya watoto waliofaulu wakakosa nafasi kwa upungufu wa madarasa. Tangazo la namna hiyo lisingaliwezekana katika lugha ya 1950. Wakati ule asiyechaguliwa hakuwa amefaulu, basi.

Ni vizuri kuuliza watu walifanya nini, mbali na kusema. Jambo la kwanza lililofanywa, hasa na wenye tamaa kubwa ya shule, lilikuwa kurudia. Kenya kurudia kulifanywa waziwazi, na wengine walirudia darasa la mwisho mara mbili na tatu. Tanzania kulikatazwa, kwa hiyo kukafanywa kwa siri, na siri yake ni ya ajabu kwa mtu anayechunguza majina. Mtoto alihamishiwa shule ya mbali, kwa mjomba au shangazi, akaandikishwa kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha masomo, aliyehama au hata aliyefariki. Akasoma kwa jina hilo, akafanya mtihani kwa jina hilo, akachaguliwa kwa jina hilo. Na kwa kuwa vyeti hufuatana kama mabehewa ya treni, akaajiriwa na kustaafu kwa jina hilo. Yeyote aliyekulia Tanzania katika miaka hiyo amemjua mtu mwenye majina mawili, moja la nyumbani na moja la vyeti, ambaye mama yake hakupata kumwita kwa lile lililo katika hati yake ya mshahara. Hao wameficha habari ya kuachwa kwao mara moja katika kila sahihi wanayotia. Huwezi kupata ushahidi mkubwa kuliko huo wa uzito wa sentensi *ameshindwa*: watu walikuwa tayari kuacha majina waliyopewa na babu zao kuliko kuacha iwe sentensi ya mwisho.

Njia ya pili ilikuwa kujenga shule nyingine. Kenya, baada ya uhuru wa 1963, wananchi walichanga mbuzi, mabati na siku za kazi, wakasimamisha shule za Harambee upesi mno hata idadi yake ikashindana na ile ya shule za serikali. Mwaka 1966 Baraza la Wakristo la nchi hiyo lilitoa ripoti ambayo jina lake lenyewe lilikuwa swali, likiuliza baada ya shule kuna nini. Na kutokana na fikira hizo vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa, vifundishe useremala, uashi na ushonaji. Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule nyingi za misheni mkononi mwa serikali, lakini seminari zilibaki, na chama cha wazazi kikawa na shule zake. Kilimanjaro, ambako mgao uliuma zaidi, ndiko wazazi na makanisa walikojenga kwa bidii nyingi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 shule za sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Shule hizo ziliitwa za watu binafsi, na waliosoma humo katika miaka ya mwanzo hawakukwepa dharau: ilidhaniwa ya kwamba mzazi amenunua kile ambacho mtoto hakukipata kwa kalamu. Kwa wazazi wasio na kahawa wala ng'ombe wa kuuza, na kwa wasichana wengi ambao mara baada ya majina kusomwa waliulizwa habari za posa, njia hii haikuwapo.

Ya tatu haisimuliwi sana, nami naona inastahili heshima. Mpango wa elimu kwa wote ulihitaji walimu maelfu kwa maelfu, na walimu hao hawakuwapo. Basi serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba wakakosa nafasi, ikawafundisha ualimu kazini, hukohuko vijijini, na kuwapa chaki. Wakaitwa *walimu wa UPE*, kwa herufi za jina la Kiingereza la mpango wenyewe, na jina hilo likawa la kejeli. Lakini tufikiri kidogo. Kizazi kizima cha Watanzania kilifundishwa kusoma na watu ambao shule ya bweni ilikuwa imewakataa. Wao ndio waliowaandaa wengine kwa mtihani ule ule, wakawaona wakiondoka. Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa mmoja wao, na mwandiko wake ubaoni sijauona ukipitwa hata na maprofesa.

Kuondoka huko kwahitaji neno, kwa sababu ndiko kulikotofautisha shule ya bweni na shule nyingine yoyote. Mtoto aliyeachwa na shule ya kutwa humwona mwenzake jioni, wakacheza mpira. Aliyeachwa na shule ya bweni alimwona mwenzake akisindikizwa kituoni na tranka la bati lililopakwa rangi mpya, godoro limekunjwa juu yake, na kijiji kizima nyuma. Fomu ya kujiunga ilisomwa kwa sauti, idadi ya shuka na ndoo ikahesabiwa, mafundi wakaagizwa. Yeye aliyebaki alibeba upande mmoja wa tranka mpaka kituoni. Kisha kijiji kilirudi nyumbani na kumkuta yeye yule. Likizo ilipofika mwenzake alirudi na lugha nyingine, na maneno kama *bweni*, *kiranja*, *mchakamchaka* na *zamu* yakawa mpaka kati yao. Neno *bweni* lenyewe ni la zamani; lilikuwa mahali pa kulala pa vijana wasiooa. Shule ililigeuza likawa mahali ambapo kijana mmoja alala na mwingine asilale.

Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 hali imegeuka sana. Kila kata ya Tanzania Bara ilitakiwa kuwa na sekondari yake, na wengi wanaofaulu sasa hupata nafasi. Mtu angetazamia ya kwamba maneno niliyoyaeleza yangekufa. Hayakufa, yamehama. Juu ya shule za kata zimebaki shule chache za bweni za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora, na mtoto aliyefaulu vizuri asipopelekwa huko apangiwa kata. Kitenzi ni *kupangiwa*, chenye heshima zote, na jina lake limo katika orodha ya waliochaguliwa. Lakini muulize mama yake amechaguliwa wapi, naye atajibu: kata tu. Kenya nako, tangu 1985 hadi mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulipofanywa mwaka 2023, mtoto alichaguliwa katika daraja za shule: za kitaifa juu, nyingine chini yake, na nyumba nyingi zilipokea barua ya kukubaliwa kana kwamba ni barua ya kukataliwa.

Kile kielezi kidogo *tu*, kilichofuata *la saba* na sasa chafuata *kata*, sijaona kikitajwa katika vitabu vyetu vya sarufi kwa matumizi haya. Husemwa ya kwamba maana yake ni kuweka mpaka: viwili tu, leo tu. Hapa hakiweki mpaka wa idadi bali wa mtu. Chastahili uchunguzi wake peke yake.

Nimetumia mifano ya Tanzania Bara na Kenya kwa kuwa ndiyo niliyoweza kuikusanya. Nitashukuru wasomaji wa Unguja na Pemba, wa Kigoma, wa Lamu, na hasa wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi na Bujumbura, ambako shule zilifuata utaratibu wa Kibelgiji na maneno ya Kifaransa, wakinipelekea sentensi zilizotumiwa kwao kumwambia mtoto ya kwamba hakuchaguliwa. Waziandike kama zilivyosemwa, bila kuzisafisha, na wataje, kama wanakumbuka, ni nani aliyezisema.